NILIMWONA KWA MACHO YANGU: Kisa cha Adolf Beck na usiku mmoja wodini

Ndugu zangu, leo tuweke pembeni presha na kisukari. Nataka niwasimulie historia moja ya mahakamani, kisa cha zaidi ya miaka mia iliyopita, halafu niwaambie kwa nini kinaninyima usingizi mimi nesi wa zama hizi. Ni ndefu, ina sehemu nane. Kama uko kwenye daladala ihifadhi, utasoma ukifika nyumbani.

SEHEMU YA 1: Saa 9 usiku

Miaka michache iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wanaume. Tulikuwa manesi watatu: mimi, dada mmoja mkongwe aliyebakiza muda mfupi astaafu, na binti mmoja aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini.

Saa 9 na dakika kadhaa, mzee wa kitanda cha mwisho alibadilika ghafla. Mnaofanya kazi hii mnajua maana ya "alibadilika". Tukakimbia. Mmoja anabonyeza kifua, mwingine anatafuta mshipa, mwingine anaita daktari, mtungi wa oksijeni unatafutwa. Tulipambana karibu nusu saa. Mzee akatutoka.

Baada ya siku nne tukaitwa kwenye kikao. Familia ilikuwa imelalamika kwamba oksijeni ilichelewa, na kusema kweli ilichelewa. Nikaulizwa nilichoona. Nikasema bila kusita: "Yule binti aliganda. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama mlangoni na sweta lake la kijani, hakusogea."

Sikuwa na ugomvi naye wala sikuwa najikinga. Nilikuwa nasema ninachokiona kichwani kwangu, waziwazi kama picha. Wangeniambia niape ningeapa.

Binti akainamisha kichwa. Hakujitetea. Nikajua basi, ni kweli.

Nitarudi kwake mwishoni. Kwanza twende London, mwaka 1895, kwa mtu mwingine aliyenyooshewa kidole na watu waliokuwa na uhakika kama mimi.

SEHEMU YA 2: "Saa yangu iko wapi?"

Adolf Beck alikuwa raia wa Norway, mtu wa makamo, nywele na masharubu yameshaanza mvi. Alishaishi miaka mingi Amerika ya Kusini kabla ya kuhamia London. Hakuwa tajiri ila alipenda kuonekana nadhifu.

Tarehe 16 Desemba 1895 alikuwa amesimama nje ya nyumba aliyopanga, mtaa wa Victoria. Akaja mwanamke mmoja asiyemjua, mwalimu wa lugha, akamkabili: saa yangu umeipeleka wapi?

Wiki chache kabla, mwanamke huyu alikuwa ametapeliwa. Bwana mmoja mtanashati alijitambulisha kwake kama mtu wa ukoo mkubwa wenye mali. Akamuahidi maisha mazuri, akamwandikia orodha ya nguo za kununua na hundi ya kuzilipia. Kisha akachukua saa yake na pete, eti akazibadilishe na nzuri zaidi. Hundi ilikuwa hewa, na bwana hakuonekana tena.

Beck alikasirika. Akavuka barabara akamwendea askari kulalamika kwamba anasumbuliwa na mwanamke asiyemfahamu. Angalieni hapo: tapeli anakimbilia polisi? Lakini askari aliwachukua wote wawili kituoni, na aliyelala ndani siku hiyo ni Beck.

SEHEMU YA 3: Wanawake wapatao kumi

Polisi walikuwa na malalamiko mengi ya aina ileile, orodha ya nguo na hundi hewa vilevile. Wakawaita wale wanawake kwenye gwaride la utambulisho. Unajua kilichofanyika? Beck alipangwa na watu waliookotwa mitaani, na katika mstari mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mvi na masharubu ya namna ile.

Sasa wewe ni mwanamke uliyetapeliwa. Unakumbuka bwana mwenye mvi na masharubu. Unaletewa mstari wa wanaume, mwenye mvi na masharubu ni mmoja. Utamgusa nani bega?

Wanawake wapatao kumi walimtambua. Ndugu zangu, kumi! Ukisikia mashahidi kumi wameelekeza kidole kwa mtu mmoja, nani kati yetu atabaki na shaka? Lakini kumi waliopewa mtego mmoja si mashahidi kumi. Ni kosa moja lililorudiwa mara kumi. Ni kama kumpima mgonjwa presha mara kumi kwa mashine moja mbovu, halafu useme umethibitisha.

Kikaongezeka kingine. Mwaka 1877 kulikuwa na tapeli aliyejiita John Smith, aliyefungwa kwa utapeli wa namna ileile kabisa. Askari mstaafu aliyemkamata Smith wakati ule alikuja kumwangalia Beck, akaapa kwamba ndiye. Alikuwa hajamwona mtu huyo kwa miaka 18, lakini akaapa hana shaka.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey mwezi Machi 1896. Beck alitaka kuonyesha kwamba mwaka 1877 alikuwa Peru, kwa hiyo hawezi kuwa Smith, na kama yeye si Smith basi aliyefanya haya yote ni mwingine. Lakini mashtaka yalipangwa yahusu matukio ya karibuni tu, na habari za 1877 hazikuruhusiwa kuingia. Na jaji aliyekuwa kitini, Forrest Fulton, ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka katika kesi ya Smith mwaka 1877. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Beck akafungwa miaka 7. Gerezani akapewa namba ya zamani ya Smith, ikaongezwa herufi ya kuonyesha kwamba mfungwa huyu anarudi.

SEHEMU YA 4: Mwili ulishasema

Hii ndiyo sehemu inayonigusa zaidi kama nesi.

Beck aliandika maombi toka gerezani, tena na tena. Mwaka 1898 maofisa wakafungua kumbukumbu za gereza za John Smith na kulinganisha. Smith alikuwa Myahudi, ametahiriwa. Beck hakutahiriwa.

Hapo hakuna ubishi. Mtu anaweza kufuga masharubu, kunenepa, kubadilisha jina na mwandiko. Kilichokatwa hakiwezi kurudi. Mtu mmoja alishika kalamu mwaka 1877 akaandika alichokiona kwenye mwili wa mfungwa, pengine akiwa amechoka na hana habari kama kuna siku maandishi yale yatahitajika. Miaka ishirini baadaye mstari ule ulikuwa na ukweli kuliko viapo vya watu wote mahakamani.

Je, walimtoa? Hapana. Walichofanya ni kumbadilishia namba tu, ili asionekane tena kuwa ndiye Smith. Kifungo kikaendelea. Hoja ilikuwa kwamba hata kama yeye si Smith, bado wanawake wale walimtambua. Wakasahau kwamba kesi nzima ilisimama juu ya imani kwamba tapeli ni mmoja. Beck alitoka Julai 1901 kabla ya kumaliza miaka yote, kwa masharti.

SEHEMU YA 5: Mara ya pili

Ungedhani yameisha. Mwaka 1904 utapeli ukaanza tena London, mtindo uleule. Mwezi Aprili mwanamke mwingine akamkabili Beck barabarani na kumtuhumu. Akakamatwa tena. Safari hii wanawake watano wakamtambua, na mwezi Juni baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia.

Jaji wa safari hii, Grantham, alikuwa na wasiwasi. Akaahirisha kutoa adhabu. Kuahirisha kule ndiko kulikomwokoa, kwa sababu tarehe 7 Julai, Beck akiwa mahabusu, mtu mmoja alikamatwa akiweka rehani pete alizozichukua kwa wanawake kwa mbinu ileile. Ofisa wa polisi aitwaye Kane, aliyekuwa anaijua kesi ya Beck, alipomwona mtu yule na kusikia maelezo akashtuka. Aliyefungwa mahabusu atawezaje kutapeli mtaani?

Mtu yule ndiye aliyekuwa John Smith wa mwaka 1877. Jina lake la kweli lilikuwa Wilhelm Meyer, mzaliwa wa Vienna. Alikiri mashtaka, akafungwa miaka 5.

Beck alipewa msamaha wa mfalme mwezi huohuo wa Julai, na baadaye fidia iliyofikia pauni 5,000. Fikiria neno lenyewe, "msamaha", kwa mtu ambaye hakukosa. Tume iliundwa kuchunguza, na sakata hili lilisukuma kuanzishwa kwa Mahakama ya Rufani ya Jinai ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1907. Kabla ya hapo, mtu aliyehukumiwa kimakosa hakuwa na mlango halisi wa kubisha zaidi ya kuandika barua kwa wakubwa.

Beck mwenyewe hakufaidi sana. Alifariki Desemba 1909 hospitalini London kwa ugonjwa wa mapafu, hana kitu.

SEHEMU YA 6: Je, wale wanawake walikuwa waongo?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hawakuwa waongo. Walitapeliwa kweli, na kila mmoja alisema alichoamini moyoni. Muongo unaweza kumbana maswali akajikanyaga. Mtu anayeamini alichosema hajikanyagi, maana hana anachoficha. Ndiyo maana ni hatari zaidi.

Mwaka 1908 profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Hugo Münsterberg, alitoa kitabu kuhusu mashahidi. Ndani yake anajisema mwenyewe. Nyumba yake iliibiwa familia ikiwa likizoni. Akatoa ushahidi kwa kiapo: wezi waliingilia dirishani, na saa kubwa waliifunga kwa karatasi. Baadaye ikajulikana walivunja kufuli la mlango, na saa ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha meza. Huyu ni mtaalamu wa kumbukumbu, hana sababu ya kudanganya, na tukio ni la nyumbani kwake.

Inakuwaje? Sisi tunadhani kumbukumbu ni kama video kwenye simu, unabonyeza inacheza. Siyo hivyo. Kumbukumbu ni kama mboga inayopikwa upya kila ukiulizwa, na kila ukiipika unaongeza kiungo kilichoko karibu: ulichosikia kwa jirani, ulichosoma, hata maneno ya anayekuuliza.

Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer huko Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa "yalipogongana" walikadiria wastani wa maili 34 kwa saa. Walioulizwa kwa neno kali zaidi, tuseme "yalipopondana", walikadiria karibu maili 41. Neno moja tu! Katika jaribio lingine waliwaita washiriki baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika kwenye filamu. Kati ya watu 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliona. Kati ya 50 wa neno la kawaida, ni 7.

Wale 16 hawakudanganya. Swali ndilo lililovunja vioo, wao wakavikumbuka.

SEHEMU YA 7: Na huku kwetu?

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Hapana. Mahakama zetu zimelijua jambo hili muda mrefu.

Mwaka 1936, katika kesi ya Mwango Manaa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka masharti ya gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane, wanaofanana naye kadiri inavyowezekana kwa umri, kimo na mwonekano. Mkumbuke Beck na mvi zake peke yake kwenye mstari, mtaona kwa nini sharti hilo lina uzito.

Mwaka 1953, katika kesi ya Abdala bin Wendo, mahakama hiyohiyo ilionya kuhusu kumtia mtu hatiani kwa shahidi mmoja aliyemtambua, hasa mazingira yakiwa magumu.

Mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Waziri Amani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Yakatajwa na mambo ya kuuliza: shahidi alimtazama kwa muda gani? Umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku? Kama usiku, mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla?

Na kwa wale wanaosema "mimi namfahamu vizuri, siwezi kumkosea", majaji wetu wamekumbusha mara kadhaa kwamba hata mtu unayemfahamu, hata ndugu na rafiki, unaweza kumfananisha. Nani hajawahi kumpigia kelele mtu stendi akidhani ni shemeji yake?

Nilipoyasoma maswali yale ya Waziri Amani mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Nikajiuliza moja baada ya jingine. Nilimtazama kwa muda gani? Sekunde mbili, nikigeuka. Umbali? Wodi nzima, toka kitanda cha mwisho hadi mlangoni. Mwanga? Taa moja ya korido, nyuma ya mtu aliyesimama. Namfahamu? Ndiyo, miezi mitatu. Nilichokiona hasa ni nini? Sweta la kijani.

SEHEMU YA 8: Kipande cha boksi la glavu

Yule dada mkongwe alichelewa kufika kikaoni. Alipofika hakubishana na mtu. Akafungua faili la marehemu, akatoa kipande cha boksi la glavu alichokichana usiku ule na kuandikia juu ya goti lake. Manesi mnajua desturi hiyo. Saa 9:12, kubonyeza kifua kumeanza, pembeni herufi za jina la yule binti. Saa 9:14, mtungi wa kwanza umeletwa, mtupu. Saa 9:20, mtungi wa pili, oksijeni imeanza. Na herufi za binti ziko palepale kwenye kifua muda wote huo, dakika nane bila kupokelewa.

Yaani alikuwa upande wa pili wa kitanda kilekile nilichokuwepo, mimi nimeinama natafuta mshipa kwenye mkono wa mzee. Mlangoni alisimama mhudumu wa usafi aliyesikia kelele akaja kuona kama anahitajika. Naye alikuwa na sweta la kijani.

Sasa "aliganda" niliitoa wapi? Nilipojichunguza nikakumbuka. Asubuhi ile kwenye chai, mtu ambaye hata zamu hakuwepo alisema, "Hawa watoto wapya wakiona mtu anakata roho wanaganda." Nikaitikia kwa kichwa. Siku nne zile nilikuwa naipika mboga yangu, na nikatia kiungo hicho. Mpaka kikao kinafika, nilikuwa "nimeona".

Kosa lilikuwa mtungi mtupu ambao hakuna aliyeukagua mwanzo wa zamu, mimi nikiwemo. Kama si kile kipande cha boksi, binti angeondoka na doa la maisha, na mtungi mtupu mwingine ungemsubiri mgonjwa mwingine.

Ndiyo maana nawasumbua na habari za Beck. Wengi wetu siku moja tutaulizwa "uliona nini?", iwe polisi, kikaoni, au kwenye kikao cha ukoo. Ninayowaomba ni haya. Andika mapema, kabla hujazungumza na yeyote. Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. Sema "niliona mtu mwenye sweta la kijani", usiseme jina kama jina umeliongeza mwenyewe. Anayekuuliza akikuwekea jibu mdomoni, mrudishie. Na usiogope kusema "sikumbuki". Mahakamani na wodini, "sikumbuki" ya kweli haijawahi kumfunga mtu. Na wewe unayesikiliza, usipime ukweli kwa ukali wa sauti. Wale wanawake wa London walikuwa na uhakika. Askari mstaafu alikuwa na uhakika. Mimi nilikuwa na uhakika.

Nilimfuata binti siku ileile baada ya kikao. Nikamwomba radhi, nikamuuliza, "Mdogo wangu, mbona ulinyamaza? Mbona hukusema ulikuwa kifuani kwa mzee?"

Akanijibu, "Dada, ulivyosema kwa uhakika vile, nikaanza kujiona na mimi nimesimama mlangoni."

Mpaka leo mikono yake ninaikumbuka juu ya kifua cha mzee. Au nadhani naikumbuka. Kile kipande cha boksi ndicho kinachonihakikishia.